Matope Hayajui Bei ya Pikipiki

Hotuba iliyotolewa mbele ya wapanda pikipiki, Mombasa, wiki chache kabla ya masika

Wazee wetu mliotangulia, dada zangu, ndugu zangu wa boda, na nyinyi wenye mashine kubwa mliozipanga hapo nje mpaka mlinzi amekosa pa kupita: assalamu alaikum, na wengine wote hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kuendesha pikipiki kubwa nje ya lami, hasa kwenye matope. Naanza na jambo ambalo anayekuuzia hatakwambia. Pikipiki hizi hazikutengenezewa matope. Zilitengenezewa kwenda mbali, kwenye lami na changarawe, mzigo nyuma, kutwa nzima bila mtu kuvunjika mgongo. Matope zinayavumilia tu, na zinayavumilia pale ambapo aliyezipanda ameshaamua mambo yake kabla gurudumu la mbele halijagusa tope. Ukiamua ukiwa ndani, umechelewa. Mengine yote nitakayosema yanatokana na hilo.

Tuangalie uzito kwanza. Mwaka 1980 BMW walitoa R 80 G/S, na mwaka uliofuata Mfaransa Hubert Auriol akashinda mbio za Paris–Dakar kwa pikipiki ya aina hiyo. Ile ya dukani ilikuwa na kilo 186 hivi na nguvu za farasi 50. Mjukuu wake, R 1250 GS, ambayo naona hapo nje zipo zaidi ya moja, ina kilo 249 na nguvu za farasi 136, na hapo hujafunga masanduku wala hujapanda mwenyewe. Africa Twin, jina ambalo Honda walianza nalo 1988, sasa ina zaidi ya kilo 220. Ténéré 700 ya Yamaha imepita kidogo 200. Na mbio za Dakar zenyewe, zilizozaa ukoo huu wote wa pikipiki, tangu 2011 haziruhusu injini ya zaidi ya cc 450. Wanaolipwa kupita mahali pagumu wamerudi kwenye mashine ndogo. Sisi tunaoenda kwa kujifurahisha ndio tunaozidi kununua kubwa. Sina ugomvi na mtu kwa hilo, pesa ni zako. Ila ukinijia kuniuliza, nitakwambia ununue ndogo kuliko ile uliyoiota.

Sasa njooni kwetu. Mtu akikwambia amepita matope, muulize ya wapi. Hapa kisiwani na ufuoni kote tumekalia mwamba wa matumbawe. Mvua inanyesha, maji yanazama, na njia za ndani za Diani au Kikambala zinakauka upesi. Hapo tatizo lako ni mchanga. Ukipanda bara kidogo, Changamwe, Rabai, mambo yanabadilika. Chini kuna mwamba laini wa tabaka tabaka unaovunjika na kuwa udongo wa mfinyanzi, na huko mbele, Mariakani, Samburu, na kushuka Kinango hadi Ndavaya na Vigurungani, utakutana nao tena na tena, umechanganyika na mawe ya mchanga. (Samburu yetu ya Kwale, wageni msije mkaelekea Maralal.) Ukipita Taru, ukakaribia Mackinnon Road, unaingia udongo mwekundu, na mwekundu huo unakwenda nao Voi hadi Kasigau. Katikati ya hapo, mabondeni ambako maji hutuama, kuna viraka vya udongo mweusi, ule ambao wakulima wanaujua kwa nyufa zake wakati wa kiangazi.

Udongo huu kila mmoja una ubaya wake. Mwekundu ni mbaya mvua ikiwa ndogo. Manyunyu ya dakika ishirini yanaloweka sentimita moja ya juu, chini pakabaki pagumu na pakavu, na tairi halina pa kuuma. Unaona barabara pana, imenyooka, haina shimo, unajiamini, kisha gurudumu la nyuma linakuja pembeni yako kukusalimia. Mvua ikinyesha sana ule mwekundu angalau unalainika, na tairi la meno linapata kitu cha kushika. Mfinyanzi na udongo mweusi tabia yao ni nyingine. Hautelezeshi pikipiki tu, unaikamata. Unajibandika kwenye tairi, unajaza nafasi kati ya meno, unapanda chini ya madigadi, na baada ya mita hamsini gurudumu la mbele limegoma kuzunguka kabisa. Hapo injini yako ya farasi 136 haina kazi. Utainama na kijiti kuchokonoa udongo, na kila ukimaliza utasogea mita nyingine hamsini.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza unafanyika hapa mjini: utapita wapi, na lini. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, njia za ndani ya Kinango zenye mfinyanzi mimi siingii na pikipiki kubwa. Baada ya siku mbili tatu za jua, naingia. Kama huna hakika, simamisha mtu uulize. Usimuulize "njia ni nzuri?" maana atakujibu ndiyo ili usisikitike. Muulize "pikipiki ya mwisho imepita hapa lini, na ilikuwa na mtu mmoja au wawili?" Hapo utapata jibu la kukufaa.

Uamuzi wa pili ni wa mashine yenyewe, nao unafanyika lami inapoishia. Upepo kwanza. Kwenye lami GS inapandishwa PSI 36 mbele na 42 nyuma. Ukiingia na upepo huo kwenye tope, tairi limekuwa gumu, linagusa ardhi kwa eneo dogo. Mimi hushusha hadi 25 hivi, na tope likiwa refu wapo wanaoshuka hadi karibu 20. Ukishusha, lipa deni lake: mwendo upungue, maana jiwe moja kwa kasi litakunja rimu, na kama tairi lina tyubu itabanwa na kupasuka. Na pampu ya kurudisha upepo uwe nayo. Nimeona watu wametoka na kila kitu, mpaka jiko la gesi, bila pampu.

Kisha madigadi ya mbele. Kama pikipiki yako ina yale ya chini yanayokumbatia tairi, na unajua unaelekea kwenye mfinyanzi, yafungue, yafunge nyuma pamoja na mizigo. Zijaribu skrubu zake nyumbani kwako, kwenye kivuli, ujue spana gani inaingia. Angalia pia radieta: matope yakiiziba, na wewe unakwenda gia ya kwanza huku unasugua klachi katika joto la huku kwetu, injini itachemka kabla hujafika mbali.

Masanduku ya chuma nisiyaseme sana, wengi wenu mnayapenda. Yana sura. Lakini kwenye tope mguu wako ukishuka kugusa chini, pikipiki inaendelea mbele, na lile sanduku linakuja kukutana na muundi wako. Mifuko laini haivunji mtu mguu. Na buti ziwe buti za kweli, zinazofika juu ya muundi, zenye ugumu pembeni. Viatu vya kuendea kazini havitoshi, hata kama ni vya ngozi.

Umeme wa kisasa nao. Pikipiki ina kile kifaa kinachokata nguvu tairi la nyuma likizunguka bure. Kwenye lami yenye maji kitakuokoa. Kwenye tope kitakukwamisha, kwa sababu tairi linahitaji kuzunguka kidogo kwa kasi ili lijitapishe udongo uliojaa kwenye meno. Zima. Na breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisijifunge, upande wa nyuma, zima pia unaposhuka kilima kilicholowa, maana zitakuachia breki pale pale unapozihitaji. Fanya hayo ukiwa umesimama. Nilimwona bwana mmoja akibonyeza bonyeza kioo chake katikati ya dimbwi, na dimbwi halikumsubiri.

Sasa umefika. Tope liko mbele yako. Zima injini, shuka, litembee. Ndiyo, kwa miguu, na zile buti zako nzito, na jua hili. Tafuta mambo matatu: chini pagumu pako kina gani, mstari wako ni upi, na utatokea wapi. Ukiona mifereji iliyochimbwa na malori, amua ama unaingia mfereji mmoja na kubaki humo mpaka mwisho, ama unapita katikati juu. Kinachoangusha watu ni kuanza na hiki kisha kuhamia kile. Ukingo wa mfereji umelowa, tairi la mbele linaupanda kidogo, linateleza, linarudi, na wewe tayari umelala. Hiyo ndiyo maana ya kuamua kabla.

Ukipanda, panda kwa kusimama. Watu wanadhani kusimama ni mapambo ya picha. Ukikaa, kiti kinakubeba, na kila pikipiki inapoyumba inakuyumbisha pia, kilo 80 zako zinaongezeka juu ya zile 249, zote zinaelekea upande mmoja. Ukisimama, uzito wako unashukia kwenye vikanyagio vya miguu, chini, na pikipiki inaweza kuyumba chini yako huku kifua chako kimebaki pale pale. Magoti yabane tangi. Magoti ndiyo yanayoshika. Mikono inaelekeza tu.

Na hapa ndipo wenye nguvu wanapopata tabu kuliko wanyonge. Gurudumu la mbele kwenye tope litachezacheza. Liache licheze. Linatafuta njia yake, na likipata pa kushika litanyooka lenyewe. Ukilikaba kwa mikono, kila mchezo wake mdogo unaufanya mkubwa. Nahodha wa jahazi hapigani na usukani kwa kila wimbi linalompiga ubavuni. Macho yake yako kule anakokwenda. Nawe macho yako yawe mwisho wa tope, pale ulipopachagua ulipotembea kwa miguu. Ukiangalia dimbwi utaingia dimbwini, sina namna nyingine ya kulieleza.

Gia ya pili, mara nyingi. Ya kwanza ina nguvu mno, inazungusha tairi likachimba shimo. Mwendo uwe mmoja, usio wa kasi wala wa kunyata, na ukishaingia usiukate. Pikipiki ikianza kupoteza mwendo, ongeza mafuta kidogo, taratibu, mwili urudi nyuma kidogo. Breki ya mbele isahau kabisa mpaka utoke. Na tairi la nyuma likianza kuzunguka bila kusogea, funga mafuta mara moja. Kila sekunde unayoendelea kunguruma unajichimbia kaburi refu zaidi, halafu unawapa kazi wenzako.

Mito sitakaa nayo sana. Kanuni zake ni chache na hazina huruma. Mito yetu mingi ya bara ni ya msimu. Asubuhi mchanga mtupu, alasiri maji yanafika kiunoni, kwa sababu mvua imenyesha vilimani Taita au Shimba na wewe uliko jua linawaka. Maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa na yanapanda, kaa kando, usubiri. Yakiwa yametulia, ingia kwa miguu kwanza. Yakivuka magoti yako, rudi. Pikipiki ikiangukia majini na injini imezimika, usibonyeze kitufe cha kuwasha. Nakariri, usibonyeze. Maji yakiingia ndani ya silinda hayabanwi kama hewa; pistoni inapanda, inakutana na maji, na kinachokunjika ni mkono wa pistoni. Itoe nje, fungua plagi, zungusha injini mpaka maji yatoke, ndipo uwashe. Kwa kitufe kimoja cha haraka mtu hununua injini nzima.

Kurudi si aibu. Wahenga wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na wao walikuwa watu wa bahari wasiotishika ovyo. Msafara wenu ukubaliane tangu mwanzo kwamba mtu yeyote akisema "hapa turudi", mnarudi, bila mjadala wala mzaha wa kumtania njia nzima. Na asiende mtu peke yake. Pikipiki ya kilo 249 ikikulalia mguu, wewe uko peke yako nyuma ya Vigurungani na simu haina mtandao, hakuna ustadi utakaokusaidia.

Tena, wale mnaopanga kukata njia kupitia Tsavo, msijidanganye. Pikipiki haziruhusiwi mbugani. Na hata zile njia za nje, kuelekea Kasigau, ndovu hawajui mpaka wa mbuga uko wapi. Ukimwona mbele, zima, subiri, acha nafasi ya kugeuza.

Niwageukie ndugu zangu wa boda, maana nimeona mmekaa nyuma kana kwamba mambo haya hayawahusu. Nyinyi ndio walimu. Kijana wa Ndavaya mwenye Boxer, abiria nyuma na gunia la mahindi mbele, anapita mahali ambapo GS imezama mpaka kwenye injini. Anapitaje? Pikipiki yake haifiki nusu ya uzito wa ile. Tairi lake jembamba linakata tope mpaka linagusa pagumu. Na zaidi ya hayo, anaijua njia ile kila jiwe, na akifika pabaya anamshusha abiria bila kuona haya, anaisukuma kwa miguu, anaendelea. Wenye mashine kubwa, kabla hamjatumia pesa kwa mwalimu wa kutoka nje, kodini Boxer kwa wiki moja wakati wa mvua. Mtaangushwa na kilo mia na kitu badala ya mia mbili na arobaini na tisa, na mtajifunza yale yale.

Na kuna la heshima, nalisema bila kuzunguka. Barabara ya udongo iliyolowa ukiichimba kwa tairi la meno la inchi sita, umeacha mfereji. Jua likiwaka, mfereji ule unakauka ukawa mgumu. Wewe umesharudi Nyali unaosha pikipiki. Usiku yuko mama mjamzito anapelekwa zahanati kwa boda, na dereva hauoni mfereji wako mpaka ameingia. Ndiyo maana nasema njia ikiwa imelowa kabisa na kuna nyingine, ichukueni nyingine hata kama ni ndefu. Mkipita kijijini, shusheni mwendo, salimieni. Vijana wakiwasukuma kutoka kwenye tope, walipeni vizuri na msianze kuwapiga picha kabla hamjawauliza majina. Wazee mliomo humu mnakumbuka Safari Rally, iliyoanza 1953, na jinsi watu wa vijijini walivyotoa magari kwenye tope kwa mikono. Joginder Singh alishinda 1965, 1974 na 1976, na hakuna dereva wa enzi zile angefika mbali bila mikono ile.

La mwisho ni kuinua, kwa sababu mtaanguka. Kwa joto letu, ndani ya jaketi lenye kinga, mtu mwenye afya akiinua pikipiki hizi mara tatu mfululizo amekwisha, na akili inayochoka inaanza kuchagua mistari mibaya. Kunyweni maji kabla ya kiu. Baada ya kila kuinua, kaeni kivulini dakika kumi, hata kama wenzenu wanaangalia saa.

Namna yake ni hii. Kwanza zima injini. Imelalia upande wa kulia? Fungua stendi kabisa sasa hivi, kwa sababu ukiiinua ikapitiliza upande wa pili itaegemea stendi badala ya kuanguka upya. Tia gia ili isibingirike. Zungusha handeli mpaka mwisho kuelekea chini. Kisha geuka, uipe mgongo. Chuchumaa, makalio yaguse ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye handeli, mwingine kwenye chuma cha nyuma. Mgongo unyooke. Sukuma kwa miguu, ukirudi kinyumenyume kwa hatua fupi fupi. Mikono haivuti kitu, imeshika tu. Anayeinua kwa mikono na kiuno, kesho yake yuko kwa daktari.

Maneno yametosha. Mwenye ile GS ya bluu ametukubalia tuilaze kwenye nyasi hapo nje, na tumeshamwaga ndoo kadhaa za maji ili pateleze. Naomba aanze aliye mwepesi kuliko wote humu ndani. Nyinyi wenye vifua, subirini zamu yenu mwisho.